Vigingi Vilivyoota Majani

Njoro,
S.L.P. 214,
Moshi.
Jumapili, 18 Agosti 1974

Mpendwa mdogo wangu Aminieli,

Nakusalimu nikiwa nimekaa kizingitini, mguu mmoja juani na mwingine ndani, maana mwezi huu baridi ya mlimani imeshuka mpaka huku mjini, na mlima wenyewe hatujauona wiki nzima kwa mawingu. U hali gani? Kile kifua ulichokilalamikia wakati wa Pasaka kimepona? Mbu wa Mlimba wamekuachia damu kidogo ya kujengea reli? Nakuombea uwe mzima kama nilivyo mimi. Sina ugonjwa ila mgongo, na fundi wa nguzo asiyeumwa mgongo ujue ni mvivu.

Shemeji yako Elinipendo hajambo, na tangu mwezi wa tano una binti mwingine. Tumemwita Eliona. Sauti yake inashinda tarumbeta yangu, na kichwa chake ni chako kabisa, kimejaa upande wa nyuma. Nimekuambia habari zake mapema kwa sababu mtoto huyu ameingia katika jambo lenyewe, kama utakavyoona mbele.

Mama hajambo pia. Miguu inamsumbua asubuhi, jua likitoka anaisahau. Ng'ombe mwekundu amezaa dume. Kahawa ya chini ya mfereji imeanza kuiva na Mama anaichuma mwenyewe, hataki mtu amsaidie, anasema watu wanavunja matawi.

Barua yako ya mwezi wa sita niliipata. Ndugu yangu, hata tangazo la mnada lina salamu kuliko barua ile. Hukuuliza hali ya Mama wala yangu. Uliandika mambo mawili tu. La kwanza, rafiki yako Januari, yule kijana wa Rombo mnayelala naye kambini, anataka kujua mtu anakuwaje fundi umeme, kwa sababu reli ikiisha hataki kurudi kubeba mizigo. La pili ulisema, "Nimesikia umepanda masale ya mpaka ndani ya kihamba changu. Kama ni kweli, usinijibu."

Nimekujibu. Kwa hiyo unajua tayari kwamba si kweli.

Kama unajiuliza kwa nini nimechelewa, nilikasirika. Nilikasirika sana, niliiweka barua yako juu ya kabati na kila nikiiona nilikasirika upya. Halafu hasira ilipopoa nikaona nisikuandikie maneno matupu, nimalize kwanza kazi niliyokuwa nayo, ndipo nikueleze jambo lililokwisha. Sasa limekwisha, au tuseme upande wangu umekwisha. Nitaanza na Januari kwa sababu swali lake lina adabu.

Mwambie kwamba mimi sikuuchagua umeme. Wewe unajua, lakini yeye hajui, na Warombo nao wana desturi kama yetu, atanielewa. Kaka yetu Yakobo, kwa kuwa ndiye wa kwanza, alipooa Baba alimkatia kihamba chake, shamba la nyumbani la migomba na kahawa, kule juu ya kanisa. Wewe kitinda mimba ulikuwa na nyumba ya Baba tangu ukiwa mgongoni, pamoja na migomba yake, kahawa yake na Mama mwenyewe. Wa katikati ni mimi. Kwa desturi yetu wa katikati huambiwa atazame mbele, maana nyuma hapana nafasi. Mwaka uliofuata Uhuru, Baba aliniita tukiwa tunaanika kahawa, akaniambia, "Yakobo nimempa ardhi. Aminieli atabaki na nyumba yangu. Wewe nakupa shule ya ufundi, na ukiisha kuimaliza usinidai kitu."

Sikumdai. Niliimaliza shule, nikapata kazi kwa fundi mmoja Mhindi aliyekuwa na duka la vifaa hapa mjini, Mzee Karsan. Januari ajue kwamba huo ndio mwanzo, na mwanzo wenyewe ni kubeba ngazi. Muda mrefu sana nilibeba ngazi, nikatoboa kuta, nikavuta nyaya ndani ya mabomba, wala sikuruhusiwa kugusa penye moto, yaani waya wenye umeme. Mzee Karsan alikuwa mkali lakini alinifundisha jambo moja linaloniweka hai mpaka leo. Ukifika mahali usipopaamini, fanya kazi kwa mkono mmoja, mwingine utie mfukoni. Umeme ukiingia mkono huu usipate njia ya kutokea mkono wa pili kwa kupitia moyoni. Nilicheka nilipoambiwa. Siku moja nikausahau mkono nje ya mfuko, nikatupwa mpaka kwenye magunia ya saruji, na tangu hapo sijacheka tena.

Baada ya hapo kuna majaribio ya ufundi ya serikali, daraja la tatu, la pili, na la kwanza. La tatu nilipita. La pili nilianguka mara ya kwanza kwa sababu nilifungua boksi kabla ya kutoa fyuzi, na mtahini akasema, marehemu, unaweza kwenda nyumbani. Mara ya pili nikapita. Ndipo nikaenda kiwanda cha sukari kule chini, nikafunga mota za pampu na za mikanda. Wewe ulikuja mara moja ukakimbia joto. Pale nilikaa na watu wa Kigoma, wa Iringa, wa Songea, tukila ugali tukizungumza Kiswahili cha kila namna, na nadhani pale ndipo nilipoacha kuwa mtu wa Marangu tu. Daraja la kwanza nililipata nikiwa huko. Sasa niko na kampuni ya kupitisha laini za umeme vijijini, nina mkanda wa kupandia nguzo, na nina watu wa chini yangu.

Asifikiri ni kazi ya umeme peke yake. Fundi umeme hana Krismasi. Ukialikwa kula, mwenyeji anakukaribisha kwa mkono wa kulia, wa kushoto umeshika pasi iliyoungua. Redio zote za Njoro zinanijua. Jumamosi nashuka na Elinipendo mpaka Mabogini, tuna jaruba la mpunga la kukodi, na huko mimi ni kibarua wake. Jumapili napiga tarumbeta kanisani. Hayo ndiyo maisha, si mabaya. Lakini mwambie asianze kama anataka kutajirika upesi, na asianze kama ana haraka ya mikono. Kama ana subira na haogopi kuwa juu peke yake, aje, nitamtafutia mahali pa kubeba ngazi.

Hayo ya Januari yameisha. Sasa tuje kwetu.

Unakumbuka zahanati ya kanisa pale juu ya kihamba, ambako muuguzi Digna anazalisha akina mama kwa taa ya chemli? Mwaka huu ilipatikana idhini ya kuifikishia umeme, na kampuni yetu ndiyo ikapewa kazi. Nilifurahi kuliko nilivyofurahi siku ya harusi yangu, na Elinipendo anajua, nilimwambia. Laini ilipangwa kutoka barabara kuu, ikate moja kwa moja katika vihamba vya watu, ipite chini ya zizi letu, ivuke mfereji, ipande mpaka zahanati. Na kwa kuwa inapita kwetu, nyumba ya Mama ingepata taa. Mimi nimefunga taa katika nyumba za watu nisiowajua majina, na mama yangu anamenya ndizi kwa koroboi. Hilo lilikuwa likinichoma miaka yote, wewe huwezi kujua.

Mwezi wa tatu mwanzoni, kabla ya masika, tulipima njia. Pale inapokuja nguzo tunachomeka kigingi. Siku ile ile nikaitwa Himo kufunga mashine ya kusaga, nikamwachia kazi ya vigingi Theodory, mtu wa Songea, mchapakazi, tulitoka naye kiwandani. Vigingi vya mbao vikamwishia kabla hajafika nusu ya njia. Mtu mwingine angesimama angoje. Theodory hajui kusimama. Akatazama pembeni, akaona ua la miti imenyooka vizuri, laini kukata, myepesi kubeba. Akakata, akachonga ncha, akachomeka njia nzima mpaka zahanati.

Aminieli, lile ua lilikuwa la masale.

Nacheka sasa ninapoandika, lakini sikucheka siku ile. Watu walimwona akichomeka na hawakujua ni nini, yeye ni mgeni na ana kofia ya kampuni, nani amuulize. Halafu nguzo zikachelewa kuja, waya nao hauko nchini, tukaambiwa uko bandarini, tukaambiwa hauko bandarini. Kazi ikasimama. Mvua za masika zikashuka. Unalijua isale, hata ukilichomeka kichwa chini litaota. Vigingi vyote vya Theodory vikatoa majani.

Mimi sikuwa na habari. Kazi ya Himo ilinishika, halafu Elinipendo akakaribia siku zake, sikupanda Marangu mwezi ule wala uliofuata. Eliona akazaliwa. Nikapeleka salamu kwa Mama, nikasafisha chumba, nikanunua godoro, nikamngoja aje amtunze mzazi, ampikie mtori wa ndizi, amkande, kama alivyofanya kwa mke wa Yakobo na kama anavyofanya mama mkwe yeyote wa kwetu. Hakuja. Nikapeleka salamu tena kwa mtu wa basi. Yule mtu akarudi akasema, amenisikia, hakusema kitu. Elinipendo akalia. Akadhani kuna kosa alilomfanyia Mama. Mimi nikadhani Mama anaumwa na wananificha.

Nikapanda basi la asubuhi nikaenda. Nilipoingia kihambani kwa njia ya chini, niliyaona. Masale manne yamesimama mstari mmoja, kutoka mferejini mpaka nyuma ya zizi, mabichi, yanang'aa kwa mvua. Juu yake nyumba, zizi na kaburi la Baba. Chini yake kahawa yote nzuri. Kihamba kimegawanywa katikati.

Nitakuambia jambo ambalo sijamwambia hata Elinipendo. Kabla sijakumbuka vigingi, kabla sijakumbuka umeme wala kampuni, moyo wangu ulisema, kumbe wamenikatia changu. Nilifurahi. Ni kitambo kidogo tu, kama mtu anavyofungua macho na kuyafumba. Halafu nikaona ule mstari umenyooka mno, hakuna mzee anayepanda mpaka ulionyooka vile, nikamkumbuka Theodory. Nimeliandika hili ili usije ukadhani mimi ni malaika. Kutamani nimetamani. Kupanda sikupanda.

Mama alikuwa anachambua maharage uani. Nikamwambia shikamoo, akaitikia bila kuinua macho. Nikamweleza yote, tangu kupima njia mpaka Himo, mpaka vigingi kwisha. Alisikiliza mpaka mwisho, Mama hamkatizi mtu. Kisha akasema, "Mimi umeme siujui. Masale nayajua."

Basi.  Nikainuka nikasema nayang'oa sasa hivi, nikashika la kwanza. Hapo akapiga kelele ambayo sijaisikia tangu Baba afariki, na watu wakaja. Akaja baba mkubwa Ebenezeri na fimbo yake. Akaniuliza kama huko mjini wamenifundisha kung'oa masale ya mpaka kwa mkono wangu, tena mwenye kihamba hayupo. Akasema kuyapanda kwa siri ni wizi, na kuyang'oa kwa siri ni laana, sasa ninataka vyote viwili. Nikaliachia. Unajua mwenyewe, anayeng'oa isale la mpaka hajitafutii mema.

Ninajua ni yeye aliyekuandikishia ile barua iliyokufikia. Simlaumu. Aliona alichokiona, na mtu wa katikati anayekuja na waya na vigingi wakati mdogo wake yuko mbali, hata mimi ningemshuku.

Nilirudi mjini nikamchukua Theodory, nikampandisha mlimani. Nilimweleza njiani, kwa mara ya kwanza, kwamba kwetu isale si mti. Ndilo mpaka, ndilo kaburi, ndilo mtu analoshika anapokwenda kuomba radhi, na anayeshikiwa hawezi kukataa.  Balozi wa nyumba kumi akawaita wazee, tukapeleka pombe ya mbege, na Theodory akasimama mwenyewe na buti zake za kazi akasema kwamba vigingi ni vyake, mkono ni wake, na mimi Gidioni nilikuwa Himo. Akasema kwao mti ni mti, hakujua. Walipompa kibuyu cha pili akawaomba wamwonyeshe mti gani wa Marangu anaruhusiwa kukata, maana sasa anaogopa hata kuni. Wazee walicheka mpaka Ebenezeri akajifuta machozi.

Wakaamua hivi. Kila mwenye kihamba ang'oe vigingi vilivyo kwake kwa mkono wake, mbele ya jirani, basi, neno limekwisha. Wakafanya, siku ile ile, wengine huku wanaimba. Kikabaki kihamba chetu. Mama ni mlinzi tu, si mwenyewe. Yakobo ana chake. Mimi ndiye mtuhumiwa. Mwenyewe ni wewe, na wewe uko Mlimba unaandika barua zisizo na salamu.

Nguzo zilipofika, Digna alikuja kuniuliza mwenyewe. Mwezi ule alikuwa amepoteza mtoto mmoja wakati wa kumzalisha mama yake, na alisema taa isingemwokoa labda, lakini yeye angekuwa ameona anachofanya. Ningekungoja wewe, ningewangojesha akina mama wote wa Marangu. Kumgusia Mama habari ya masale sikuweza. Nikakaa na ramani, nikaipeleka laini kwa njia ya kanisa, inazunguka, ina kona mbaya, imekula nguzo nyingine na waya wa kuishikilia. Msimamizi wangu alifoka. Nikamwambia ardhi ile ina maji, nguzo haitasimama. Ni uongo. Mungu atanisamehe, maana sikujua namna ya kuandika masale katika ripoti ya kampuni.

Kwa hiyo laini haipiti kwetu tena. Alhamisi iliyopita jioni tuliwasha zahanati. Mchungaji aliomba, kwaya iliimba, tarumbeta nilimwachia mwingine kwa sababu nilikuwa juu ya nguzo ya mwisho, mkono mmoja mfukoni kama alivyonifundisha Mzee Karsan, ingawa hapakuwa na haja. Digna alisimama chini ya taa akatazama viganja vyake, huku na huku. Nilishuka nikaenda nyumbani. Mama alikuwa amekaa mlangoni, koroboi nyuma yake, anatazama mwanga wa zahanati kupitia migombani.

Akaniambia, "Umewawashia watu." Nikamjibu kwamba taa yake iko kwa Aminieli.

 Kisha akaniuliza kama Eliona anaota meno. Ijumaa mchana alishuka basi hapa Njoro na mkungu wa ndizi na maziwa kwenye kibuyu, akampita Elinipendo mlangoni, akaenda moja kwa moja kwa mtoto. Amechelewa miezi mitatu, lakini ametupikia mtori na yuko ndani sasa hivi ninapoandika, anamwogesha Eliona na kulalamika kwamba maji ya mjini hayana nguvu. Sijui kama ameniamini. Nadhani ameamua kunipenda kwanza, mengine yatafuata.

Sasa soma hapa polepole, maana hapa ndipo penye moto. Laini ilipokuwa ipite kwetu, vile vilikuwa vigingi, hata kama vina majani. Laini imepita kwingine. Hakuna nguzo itakayokuja pale. Basi havina tena kazi ya umeme, kazi iliyobaki ni ile ya isale. Kila mvua ikinyesha yanatia mizizi, na kila mwaka ukipita watu watasema mpaka ule ni wa zamani. Mimi nikifa, watoto wangu watakuja kwa watoto wako na kusema, mbona masale ya baba yetu haya hapa? Na wazee watakuwa hawapo. Kosa la Theodory litakuwa limekuwa haki yangu, na mimi haki hiyo siitaki.

Baba mkubwa alinishauri nikutumie jani la isale ndani ya barua hii, ili usiweze kunikatalia. Nilikataa. Usilitafute ndani ya bahasha. Jani hutumwa na aliyekosa, na mimi sijakukosea. Halafu ukinisamehe kwa sababu ya jani, utakuwa umeliheshimu jani, si mimi. Nataka uniamini hivi hivi, kwa maneno yangu, kama ulivyoniamini ulipokuwa mdogo nikakuambia ruka mfereji nitakudaka.

Njoo Krismasi. Mchagga gani asiyepanda mlima Krismasi? Kampuni ina nguzo moja waliyoikataa kwa ufupi wake, nimeiomba, wamenipa. Iko nyuma ya zizi, imelala, na kuku wameshaizoea. Kutoka laini ya kanisa mpaka nyumba ya Mama inahitajika nguzo hiyo moja tu, na mahali pake ni pale pale liliposimama isale la tatu, maana pengine pote ni kahawa au mfereji. Nimeshapima. Huwezi kuichimbia nguzo bila kuling'oa isale, na huwezi kuling'oa ila wewe. Nyaya za ndani ya nyumba nimekwisha zifunga, swichi iko karibu na kitanda cha Mama, na taa iko darini. Kila usiku akiwa kwake, Mama anaibonyeza swichi ile kwa majaribio. Haiwaki. Anaizima, anasema ni vizuri kuzoea.

Ukiyang'oa usiyatupe. Isale likitupwa huota popote, na hatutaki kesi nyingine na mtu. Yote manne tuyapeleke pale kaburini kwa Baba, wewe uchimbe mimi nipande, au mimi nichimbe wewe upande, sijali. Yeye ndiye aliyekigawa kihamba kile, na aligawa vizuri. Alinipa mimi mikono na wewe nyumba. Nyumba yako ina giza, ndugu yangu, na mikono yangu inakungoja.

Nisalimie Januari, mwambie ngazi yake ipo. Wasalimie wote wa kambini wanaotoka huku kwetu. Yakobo na mkewe wanakusalimu, Digna pia, na Theodory anasema ukija atakuomba radhi mara ya pili, kwa hiyo ujiandae kwa mbege. Elinipendo anakusalimu na anauliza kama bado huli bamia. Baba mkubwa Ebenezeri anakusalimu, ingawa nadhani salamu zake zilikufikia mapema kuliko zangu. Mama anakusalimu kwa maneno yake mwenyewe, anasema ufunge kifua vizuri, na uje.

Mungu aliyemlinda Baba akulinde nawe huko kwenye madaraja na mahandaki, akurudishe kwa miguu yako.

Ni mimi, kaka yako wa katikati, nisiyeacha kukupenda hata nikikasirika,

Gidioni